Kandambili za Golini

Mjukuu wangu Neema,

Sisi hapa Fairfield tunaendelea vizuri. Bibi yako hajambo, ila goti linamsumbua, na bado anagombana na jirani yule wa paka. Huko Perth mama amezoea kazi?

Uliniuliza kwenye simu kama mrushaji wa timu yetu ya besiboli atathubutu kurudi uwanjani. Wewe mwenyewe hujagusa mpira wa besiboli tangu timu yenu iliposhindwa shuleni, kwa hiyo nimelifikiria sana swali lako.

Jumamosi nilikuwepo. Tulikuwa tunaongoza, amebaki mpigaji wao mmoja tu wa kutolewa, kijana wetu akarusha mpira mbovu. Ukapigwa, ukavuka uzio, wakatupita kwa pointi, tukashindwa. Akajifunika uso kwa kofia.

Nilipokuwa na umri wako, kule kwenye kambi ya wakimbizi, nilikuwa golikipa wa mpira wa miguu. Milingoti yetu ya goli ilikuwa kandambili, na siku hiyo zilikuwa zangu. Nikafungwa bao la kizembe, nikakimbilia nyumbani pekupeku huku watu wanacheka. Sikutaka hata kuzifuata. Asubuhi yake kijana aliyenifunga akaja nazo mkononi.

"Twende bwana," akasema. "Bila wewe tutamfunga nani?"

Nilikasirika, halafu nikacheka, nikazivaa.

Jumapili mrushaji wetu aliingia tena. Tukashinda, lakini hata tungeshindwa ningekuandikia haya haya.

Sasa, vile viatu vya besiboli ulivyosema umevisahau kwetu, bibi yako amevikuta nyuma ya kabati, vimesukumwa mpaka ukutani. Nimevipiga brashi. Vimo ndani ya kifurushi hiki.

Babu yako