Dawa Nyeupe ya Transista

Msamala,
Songea.
9 Juni 2024

Mpendwa shemeji Anselmo,

Habari za Mwanza na joto lake? Mgongo wa Wema umepata nafuu? Sisi huku tunamshukuru Mungu, ila baridi imetukamata na goti langu limeanza vituko vyake. Kaka yako Saimon anakula vizuri, analala vizuri, na kununa ananuna vizuri vilevile.

Najua tangu Pasaka hupokei simu za nyumba hii, na nimesikia umesema huji kupokea mahari ya Ida wetu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua huwezi kuikata katikati.

Nataka kuzungumza habari ya zile transista mbili za amplifaya ya kaka yako. Za dukani hapa mjini zilikuwa na namba zilezile juu yake, kumbe feki, zikapasuka hata wimbo wa kwanza haujaisha. Wewe ukang'oa za kwenye amplifaya yako mwenyewe, ukazifunga kwa pamba ndani ya kopo la vidonge, ukazituma kwa basi. Nazo zilipoungua, Saimon akasema mbele ya ukoo mzima kwamba umemtumia takataka. Nilikuwepo, nikanyamaza.

Shemeji, zilikuwa nzima. Aliyeziua ni mimi.

Siku ile fundi Ramson alizipaka dawa nyeupe, nzito kama uji wa mtoto, akazilaza kwenye bamba la amplifaya. Kabla hajakaza skrubu umeme ukakatika, akaenda zake. Mimi unanijua, mtu wa sabuni. Nikadhani ni ukungu. Nikafuta kwa kitambaa cha vyombo mpaka zikang'aa, nikarudisha kila kitu mahali pake, na moyoni nikajisifu. Umeme uliporudi, Saimon hakuwa na subira ya kumngoja fundi. Alikaza mwenyewe, na macho yake yale yasiyoona vizuri. Tulisikiliza nyimbo nne kwa furaha, halafu moshi.

Sikujua lolote mpaka Jumanne iliyopita. Ramson amepata jozi nyingine Namtumbo, kwenye amplifaya iliyokufa ya katekista mstaafu. Alipokuwa anapaka ile dawa, nikamwuliza uchafu ule ni wa nini. Akacheka.

"Mama, hii ndiyo inayopeleka joto kwenye bamba. Bila hii hata orijino zinaungua."

Nikakaa juu ya gunia la mahindi.

Nilimwambia Saimon siku hiyohiyo. Nilitegemea anigombeze. Aliacha chai yake ikapoa, akachukua simu, akairudisha mezani. Unajua alivyo, kumwomba radhi mdogo wake ni kama kunywa mwarobaini. Lakini namwona anavyoumia, na mimi naumia zaidi kwa sababu kosa ni langu. Nisamehe, shemeji. Nimekuchafulia jina kwa kusafisha.

Wakwe wanakuja tarehe 20 Julai. Ida ana baba mdogo mmoja tu, na kiti chake hatuwezi kumkalisha jirani.

Jana Ramson aliiwasha amplifaya. Upande wa kulia ukaimba, na wa kushoto ukaimba, kama enzi zile mlipokuwa mnapiga muziki kwenye harusi za Mshangano, kaka yako amebeba spika ya kulia na wewe ya kushoto. Saimon alisikiliza kidogo, akainuka, akachomoa waya wa ile ya kushoto. Ramson akamwuliza kama kuna ubaya.

"Haina ubaya," kaka yako akasema. "Mwenye kuibeba yuko Mwanza. Atakuja kuichomeka mwenyewe."

Nisalimie sana Wema na binti yetu Dorine. Bibi Getruda anakusalimu, anauliza kila siku kama umefika. Mungu aifunike nyumba yako, na akupe moyo wa kupanda basi.

Wako akupendaye, niliyekukosea,

Shemeji yako,
Fausta