Risasi Haikuwa Yako, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini hukunilea nianze maneno na wewe bila ya kukuamkia.

Nakuandikia kutoka Ibra. Niko kwangu, nimeolewa, na Mama yuko hapa wiki ya pili sasa, kalala chumba cha pili. Ningekuandikia zamani. Nilijiapiza tu kuwa sitakuandikia mpaka niwe nimeshasema kwa mdomo wangu, mbele za watu, kile tulichokijua watu watatu: mimi, wewe na kaka yako, Ami Nasor. Nimeshasema. Kimenitokea puani, na sijuti.

Watu walishika kwamba umeuliwa na ukaidi wako. Mimi nilikuwapo.

Baridi ilikuwa inakwisha mwaka ule. Ami alikuwa na wageni kutoka Maskati, kawaahidi nyama ya paa. Ulimkatalia tangu baridi ilipoanza. Ulimwambia kuwinda paa kumepigwa marufuku, na hapa si Tabora, tusijifanye tuko porini kwetu. Mwisho akaja mwenyewe nyumbani Manah, akaketi, akanywa kahawa yake, akakwambia, "Mimi ndiye mkubwa wako. Twende." Ukaenda. Hapo ulikosea, Baba. Nalisema na hilo, maana sitaki kukutetea kwa uongo.

Mimi nilikuja kwa ajili ya goti lako. Tangu gari likubane karakanani hukuweza kukanyaga klachi safari ndefu, na ni wewe uliyenifundisha kuendesha ile pikapu. Ami aliponiona kwenye usukani akasema, "Unamleta mtoto wa kike mawindoni?" Ukamjibu, "Huyu ndiye mguu wangu." Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nasomea ualimu. Sijapata kusifiwa vile tena.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, yeye na gari lake, sisi na letu. Chini ya milima upepo ulikuwa unakata masikio. Ulivaa koti lako zito juu ya kanzu na kilemba umekizungusha mpaka puani, unanicheka kwa kuwa meno yangu yanagongana. Asubuhi nzima hatukuona kitu. Karibu na adhuhuri mawingu yakashuka mpaka yakafunika vilele, na hapo ndipo alipotokea paa, peke yake, anakula kwenye mgunga ng'ambo ya wadi, lile bonde la mto mkavu.

Ulimlenga. Nilikuwa nimelala kifudifudi ubavuni mwako, nimeziba masikio. Kisha ukaishusha bunduki.

"Jike," ulisema. "Ana mimba. Mwache, Nasor."

Ami alikuwa upande wa pili wako. Alipiga.

Alimpata nyuma, pajani. Paa akaanguka, akainuka, akakimbilia juu ya wadi huku anaburura mguu mmoja. Na kama vile mbingu zilikuwa zinangojea, mvua ya mawe ikaanza. Mawe kama kunazi, yanalia juu ya bati la pikapu. Ami akasema tuondoke, wadi itashuka na maji, mnyama atajifia mwenyewe huko. Maneno ya akili, sikatai. Wewe ukamwambia, "Aliyejeruhiwa haachwi. Hata baba yetu alikufundisha hivyo." Akapanda gari lake akaenda zake. Wewe ukashika njia ya wadi na goti lako, na mimi nikakufuata.

Baba, nataka ujue kwamba nakumbuka kila hatua. Tulifuata damu mpaka mvua ikaiosha. Kisha tukafuata mawe yaliyopinduliwa, ulikuwa unanionyesha kwa kidole bila ya kusema. Uliteleza mara mbili. Mara ya pili nilikwambia turudi, nikalia, ukanivua mtandio uliolowa ukataka kunivisha koti lako. Nilikataa. Ukasema, "Vaa, au nitakuvika kwa nguvu kama mtoto." Nililivaa. Hilo ndilo ninalojilaumu, si jengine.

Tulimkuta karibu na alasiri, kajibanza chini ya mwamba, anapumua kwa tabu. Ulimwelekeza kibla, ukasoma bismillahi, ukammaliza. Halafu ukakaa naye kimya, mkono juu ya tumbo lake, mpaka lile lililokuwa linacheza ndani likatulia. Sikuwa nimekuona ukilia kabla ya siku ile. Nyama hukuigusa. Ulisema mbweha nao wana watoto.

Tulijibanza palepale mpaka maji ya wadi yakapungua. Mimi ndani ya koti, wewe na kanzu iliyogandana na mwili. Siku ya tatu ulianza kukohoa. Siku ya tisa tukakuzika.

Sasa nikueleze usiyoyajua.

Matangani, upande wa wanaume, Ami alisimulia safari ile. Alisema mkono wa marehemu ulitetemeka, akajeruhi mnyama, kisha akang'ang'ania kumfuata ili asionekane kakosa shabaha. Tulikuwa nyuma ya pazia, wanawake peke yetu. Niliinuka. Mama akanishika mkono, akasema polepole, "Mwanangu, nyamaza. Mkubwa wetu sasa ni yeye." Nikanyamaza. Mama hakuwa na mtoto mwengine, na Ami ndiye aliyekuwa walii wangu, mwenye haki ya kuniozesha. Nilinyamaza miaka sita, na kila Idi nilimsikia akiisimulia tena, na kila mwaka mkono wako ulizidi kutetemeka.

Kisha akaja Khalfan, mwalimu mwenzangu, mtu wa hapa Ibra, wa wale waliozaliwa Pemba. Posa ikaletwa nyumbani kwa Ami, Nizwa. Wazee wao wameketi, halwa imepita, na Ami akaanza kuwachekesha: jihadharini na huyu bibi harusi, kazaliwa na mtu mkaidi, na hadithi ikafuata. Nilikuwa mlangoni na buli la kahawa. Sikupanga, Wallahi. Nilisikia tu sauti yangu.

"Ami, risasi ile ilikuwa yako. Baba alisema umwache, ukapiga. Alimfuata mnyama wako wewe."

Hakuna aliyenyanyua kikombe. Ami akasema, "Mtoto kachanganyikiwa," na wageni wakaaga mapema.

Kesho yake akaleta masharti: niombe radhi mbele ya watu walewale, ama hataniozesha mpaka nizeeke. Ndugu wote wakanijia. Mama alilia, akaniambia neno moja tu la kuomba radhi halivunji mfupa. Nikamwambia kilichomuua Baba kilikuwa kikohozi, nacho hakikuvunja mfupa. Yalikuwa maneno makali kumwambia mama mzazi, nimeshamwomba radhi kwa hayo. Kwa mengine sikumwomba mtu. Khalfan nilimwambia kama kachoka aende. Akasema, "Ningetaka mke wa kunyamaza ningeoa picha."

Tulingoja miezi minane. Kisha nikaenda mahkama, mimi mwenyewe, nikamweleza kadhi kwamba walii wangu ananizuia. Ami akaitwa. Kadhi akamuuliza: mchumba ana kasoro ya dini? Hana. Ya tabia? Hana. Basi unamzuia kwa sababu gani? Nilimtazama, Baba. Ili aitaje sababu, ilibidi aitaje bunduki, na paa, na siku ile, mbele ya kadhi. Alitazama viatu vyake. Akasema, "Sina sababu." Akaniozesha siku ileile, na tangu hapo hakunisemesha.

Mwezi uliopita tukasikia Ami kapooza upande mmoja. Khalfan akanipeleka Nizwa, tukampitia Mama Manah. Mama alidhani nakwenda kupatana, na watoto wake Ami walidhani nakwenda kuungama. Niliingia, nikambusu kichwa, nikasema shikamoo. Akauliza, "Umekuja kuomba radhi?"

"La, Ami. Nimekuja kukuamkia."

Nikampa uji alioletewa, kijiko kwa kijiko, maana mkono wake hauinuki. Alipokula nusu akakigeuza kichwa kwenye ukuta. Maneno yalitoka yamepinda, ila niliyasikia, na Mama aliyasikia.

"Sikuona kama ana mimba."

Hayo tu. Nilimpangusa mdomo, nikammalizia uji. Tulipofika Ibra Mama akasema, "Miaka yote nilimwamini yeye." Tangu siku ile hajataka kurudi Manah, na mimi simharakishi.

Baba, siwezi kukuahidi kwamba nitamsamehe. Nitakwenda kumlisha kila Ijumaa, hilo ni la damu. Lakini akifa na watu wakiketi, na mmoja akaanza ile hadithi ya zamani, nitainuka, hata kama jeneza bado liko sebuleni, na safari hii Mama hatanishika mkono.

Mungu akulaze pema. Nakuaga kwa leo.

Mwanao,
Zuwena