Mashati Yasiyo na Kwao

Kwa dada yangu mpenzi,

Shikamoo yako naitanguliza mapema, kabla hujanikunjia uso. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kikohozi cha mtoto kimepoa, na lile jino lako limeacha kukusumbua au limeng'oka, lolote lililo jema. Huku sisi hatujambo. Mama ni mzima isipokuwa macho, ndiyo maana leo naandika mwenyewe bila msahihishaji. Ukikuta herufi imetoka nje ya mstari, isamehe, ilikuwa inatafuta hewa.

Baada ya salamu, kaa chini nikujulishe wewe ni dada wa nani. Wewe ni dada wa mtu pekee katika nchi hii aliyeshusha bendera ya taifa zaidi ya mara elfu moja, mchana kweupe, huku wanajeshi wamesimama mlangoni wakimwomba aongeze kasi. Rais mwenyewe hajashusha nyingi hivyo. Hata adui hajawahi. Mimi niliyerudia darasa la sita mpaka mwalimu akaanza kunisalimia kama mwalimu mwenzake, nimezishusha kwa wembe, moja baada ya nyingine, na sikuchana shati hata moja.

Najua unasema huyu ameshaanza. Tulia, dada. Barua yako tuliipata wiki iliyopita. Tumesoma kwamba wamekuletea karatasi utie saini kwamba shemeji ametoroka jeshini, kwamba ukitia saini watakuacha kwenye chumba cha kambi mpaka shule zifungwe, na usipotia utoke mwisho wa mwezi huu. Umeuliza tunaonaje. Mama ameona hivi: mtoro hukimbia na viatu vyake mwenyewe, na kwa kuwa umeandika viatu vya raia vya mumeo bado viko chini ya kitanda, basi hao waliokuletea karatasi wakamtafute mtoro wao kwenye nyumba nyingine. Mimi naona kama mama, ila mimi nina ushahidi, na ndio huu nakueleza.

Unajua kwamba nafanya kazi kwa fundi cherehani yule tunayemwita Sentimita, kwa sababu hata ukimwamkia anakupima kwanza. Ulipoondoka tulikuwa tunapunguza suruali na kubadilisha zipu, na cherehani moja kati ya nne ilikuwa mgonjwa wa kudumu. Basi mwaka jana, msimu wa mvua, akaja afande mmoja mwenye sauti ya upole na gari lisilo na namba. Alishusha magunia ya mashati ya sare. Sentimita akamuuliza kama ni ya kurekebisha. Afande akasema ni ya kupunguza. Tupunguze nini, Sentimita akauliza, mikono au pindo. Afande akasema bendera ya begani, na kile kitambaa chenye namba ya askari kwenye ukosi. Alieleza kwamba kazi hiyo hawakutaka kuwapa mafundi wa kambini, maana mafundi wa kambini wana wake, na wake wana majirani.

Basi nikawa mfumuaji. Dada, nisikudanganye, niliipenda ile kazi. Unaingiza ncha ya wembe chini ya uzi, unakata mshono mmoja, unaruka miwili, unakata, halafu unavuta bendera inatoka nzima kama ganda la yai la kuchemsha. Kisha unasugua begani kwa kitambaa chenye maji, unapitisha pasi, na hapo hata mama aliyelishona shati hajui kama palikuwa na kitu. Sentimita alikuwa akiwaonyesha wateja kazi yangu bila kuwaambia ni kazi gani. Nami nilijipa msemo wangu, kwamba shati likitoka mkononi mwangu halina kwao.

Na usidhani tulikuwa tunaona haya. Tangu tulipopata kazi ya serikali, Sentimita alituamuru kila asubuhi tuimbe wimbo wa taifa kabla ya kufunua cherehani, na mimi ndiye niliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote, mpaka mziba pancha wa ng'ambo ya barabara akawa anasimama wima na tairi mkononi. Nilikuwa mzalendo wa kutisha. Mteja mmoja alipouliza kwa nini tunakata bendera kwenye nguo za jeshi, nilimwambia kwamba kuna siri za nchi ambazo mtu wa kupunguziwa suruali hawezi kuzibeba.

Siku ile ya kwanza afande aliagiza bendera na namba zote zichomwe kwenye mkaa wa pasi. Hapo ndipo mdomo wangu uliponiwasha. Nilimwambia kwa heshima kwamba shuleni, katika yale machache niliyoyashika, tulifundishwa kwamba kuchoma bendera ni jela, sasa nikamwomba aniandikie kikaratasi kwamba mimi nimeruhusiwa. Afande akaniambia nina mdomo mrefu kuliko elimu yangu. Nikamwambia ni kweli, lakini elimu fupi haikatazi kuogopa jela. Kikaratasi hakuandika. Basi mimi nikachoma vitambaa vya kawaida, moshi ukatoka wa kutosha kumridhisha, na bendera na namba nikazitia kwenye gunia la vipande, chini ya meza ya kukatia. Wakati ule ilikuwa utundu tu, dada. Sikuwa na akili zaidi ya hiyo.

Lakini mtu akifanya kazi amekaa, masikio nayo hufanya kazi. Redio ya Sentimita ilikuwa ikisema kila siku kwamba nchi yetu ni ya ujirani mwema, kwamba hatuna askari hata mmoja ng'ambo ya mpaka, na kwamba hao jirani wanaosema wametuona ni waongo wanaotuonea wivu. Nami nasikiliza haya huku bendera ya mkono wa kushoto ikining'inia kwenye wembe wangu. Halafu barabarani yanapita malori ya magogo kutoka hukohuko ambako hatupo, magome bado mabichi, yakielekea kiwanda cha mbao. Nilimuuliza Sentimita, kama hatupo kule, miti inatufuata yenyewe? Akaniambia nipitishe pasi.

Nikajiuliza hivi. Wapo watu wa aina mbili wanaovua viatu mlangoni kwa jirani: mgeni mwenye adabu, na mwizi. Mgeni hupiga hodi kwanza. Sisi hodi hatukupiga. Nchi ambayo ina haki inakwenda na bendera yake begani. Ukiona inaivua ili iende kufanya kitu, ujue yenyewe inajua ni kitu gani. Na walionifunza kusimama wima mbele ya bendera kwa fimbo za makalio ndio hao waliokuja kunilipa niibandue.

Mwezi uliopita mashati yakaanza kurudi. Si yote. Yalirudi yamefuliwa kwa haraka, na mengine yana matundu, nami najua tundu la nondo na tundu la sigara, haya hayakuwa hayo. Afande akaleta bendera mpya kwenye boksi, akasema kuna gwaride la sikukuu ya taifa, kwa hiyo tuzibe matundu kisha tuzirudishe bendera begani. Nilichukua shati la kwanza. Tundu lilikuwa chini ya kwapa. Nikaliweka chini, nikaikalia mikono yangu.

Sentimita aliniuliza kama naumwa. Nikasema siumwi. Akauliza basi ni nini. Nikamwambia shati lililokufa bila bendera siwezi kulifufua lipige gwaride. Hapo aliniita msaliti mbele ya wenzangu na mbele ya mteja mwenye suruali nusu. Nikamjibu kwamba katika chumba hiki bendera zimeshushwa elfu na kitu, na hakuna hata moja iliyoshushwa kwa amri ya msaliti. Akasema nchi ni mama. Nikasema mama yetu sisi ni yule aliyeko nyumbani na macho mabovu, na hajawahi kumkana mtoto wake kwa jirani, hata mimi nilipowavunjia dirisha. Kesho yake wenzangu waliimba wimbo wa taifa mimi nimekaa, na kesho yake tena, na siku ya tatu akanifukuza.

Lakini Sentimita si mtu mbaya, dada, ni mtu mwenye watoto. Aliponifukuza alikwenda kusimama dirishani akatupa mgongo, akasema kwa sauti kwamba yeye hataangalia mtu anatoka na gunia gani. Nikatoka na gunia la vipande.

Sasa sikiliza vizuri. Anayekuletea barua hii ni yule rafiki wa shemeji, huyo mwenye mwanya. Barua hii haikufaa kwenda posta. Alikuja kwetu kunitafuta akiwa amefungwa bendeji mkono wa kulia, na alikaa jikoni kwa mama asubuhi nzima kabla ya kusema. Dada yangu, mumeo hakutoroka. Alivuka na kikosi chake, kwa amri, na siku ya nne, kwenye daraja la mbao, alirudi nyuma kumbeba dereva aliyepigwa mguuni. Hakufika naye. Mwanya alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Atakueleza mwenyewe, nimemwambia akueleze yote na asipunguze kitu, maana wewe si mtoto. Miili haikurudishwa kwa sababu huwezi kurudisha miili kutoka mahali ambapo hukwenda. Nalia nikiandika, kama utaona maji hapa, si mvua.

Ndani ya bahasha nimetia kitambaa kidogo cha kijani. Hiyo ni namba yake, kutoka ukosi wa shati lake, nimeichambua kwenye gunia, Mwanya akinitajia tarakimu. Mtoro havuliwi namba na serikali kabla hajatoroka. Wakija na karatasi yao, waulize namba ya mume wako imefikaje kwa fundi cherehani. Waambie fundi huyo ana gunia zima, kila namba na bendera yake, na yuko tayari kuja kusimama kwenye ofisi yoyote, na hataimba kwanza. Wakikutoa kwenye chumba, njoo nyumbani, kitanda changu ni chako, mimi nitalala kwenye meza, nimezoea. Ila saini usitie. Wao wamemfuta kule, wasikutumie wewe kumfuta huku.

Sasa limebaki moja, na hili sijamwambia mama, wala Mwanya anayekubebea haya.

Mwanya alisema kwamba kabla ya kuvuka, mashati yakiwa bado hayajaletwa kwetu, wanaume wa kikosi chao waliambizana kimyakimya kila mmoja ashone jina lake ndani ya mfuko wa kifua, upande usioonekana. Na wale wakulima wa upande wa pili, hao tunaowaita waongo, ndio waliozika maiti zetu. Walipekua mifuko. Aliyekuwa na jina walimchimbia shimo lake na kumwekea kibao. Mwanya aliviona vibao hivyo wakati wa kurudi, akavisoma vyote. Wasio na jina wamewekwa pamoja kwenye mtaro mmoja. Kibao cha shemeji hakukiona, na anashangaa mpaka leo, kwa sababu alimwona kwa macho yake akishona.

Alishona, dada. Gunia la kikosi chao lilipofika, shati lake nililijua kwa kifungo ulichokikaza wewe kwa fundo la mama. Nikafurahi kama nimekutana naye. Mifuko ya wengine sikuigeuza hata mmoja, haikuwa kazi yetu na afande hakuwa akikagua humo. Wa kwake niliugeuza kwa sababu ni shemeji yangu, nione kama amesahau humo sigara nimtanie. Nikakuta jina lake na jina lako, kwa uzi mwekundu, herufi zimelala kama walevi. Nikaliinua juu, nikawaonyesha wenzangu, nikasema shemeji anadhani anakwenda shule ya bweni. Tulicheka sana. Kisha nikalifumua, herufi moja baada ya nyingine, nikipiga mluzi wimbo wa taifa, kwa sababu niliona nchi haiwezi kuharibikiwa mpango wake kwa mapenzi ya mtu mmoja. Ule uzi hata sikuutia kwenye gunia. Niliupuliza, ukaanguka chini, ukafagiwa.

Hakuna aliyeniamuru. Ya afande ni ya afande na ya redio ni ya redio, lakini hiyo ni yangu.

Nisalimie mtoto, umpe peremende nilizomkabidhi Mwanya, kama Mwanya hajazila njiani. Siku akikua akauliza baba yake amelala wapi, mwambie ukweli wote, na kwamba hatujui ni wapi kwa sababu ya mjomba wake. Mama anakusalimu, na anakuwekea chumba tayari. Hasira zako nitumie zote kwa huyuhuyu Mwanya, usizipunguze hata kidogo, zinanistahili. Lakini hao wengine usiwape hata herufi moja.

Ni mimi mdogo wako,
asiye na kazi.