Ndege ya Jeshi Ilipotua Tabora

Kaka Hamisi, shikamoo. Mvua za Tabora hazina huruma, lakini asali yake ni tamu ajabu.

Jana ndege ya jeshi la Waingereza ilikuja kutua, na nusu ya uwanja ni matope. Mwenyeji wangu, Bwana Juma, aliyekuwa akijaza mafuta ndege za vita kule Burma, alivua kanzu, akakimbilia upande mkavu akiipunga. Rubani akamwona, akatua salama. Aliposhuka alimpigia saluti!

Nikampa Bwana Juma pole ya kulowa. Akacheka: "Tukijitawala, mwanangu, tutarusha ndege za jeshi letu wenyewe."

Nimemwamini. Nibusie watoto, na Rashidi mwambie akazane na hesabu. Marubani watatafutwa.

Akupendaye,
Mariamu