Tawi la Tanuri Lako

Binti yangu mpendwa,

Uniwie radhi kwa kimya changu kirefu. Tu wazima, ila sikio la baba yako bado linavuma, nasi tunazungumza kwa kupayuka kama wachuuzi.

Gesi ilikwisha, hewa ikaingia bombani. Baba yako alipowasha tanuri kubwa la mikate, moto ulirudi ndani ya bomba, ukapita kwenye maungio, ukalipukia katika tawi la bomba liendalo kwenye tanuri lako, lile alilolifunga kwa kizibo ulipoondoka. Fundi wa gesi anasema moto huongeza kasi kwenye maungio, na kishindo huwa kikubwa penye ncha iliyozibwa.

“Mzee, mbona hukulikata?” alimuuliza baba yako.

“Binti yangu akirudi, ataoka wapi?”

“Miaka yote hii, mzee?”

“Wewe shughulika na spana zako!”

Fundi haturudishii gesi mpaka tawi likatwe, au tanuri lako liunganishwe upya. Mimi nataka likatwe. Baba yako namtaka mzima. Yeye kila asubuhi analipangusa vumbi tanuri lako.

Tukishaamua nitakuandikia. Ukituandikia wewe kwanza, tutaamua upesi.

Akupendaye,
Mama yako