Kushuka na Muzigo

Mujukuu yangu Mado,

Barua yako niliisoma nimesimama ku mulango, sikungoja hata kuikala! Huku Kolwezi tuko bazima, mama yako anakusalimia.

Unaniuliza nilijua namna gani kama kambo wako mwanaume, babu yako, njo atakuwa bwana yangu. Sikia!

Ilikuwa wakati wa Zaïre. Alikuwa shofere ya kamyo mu shimo ya shaba ya Mashamba, huku Kolwezi. Alikopa kamyo, tukaenda Bukama kumuonyesha kwa bazazi yangu, pamoja na bamujomba yangu na mifuko ya bunga. Kupanda milima ya Biano, ee mama! Kona juu ya kona, mawe inaruka, yeye anaimba: «Hii ni kazi yangu ya kila siku!»

Kufika juu, kwenye njia inaanza kuteremuka na Lualaba inangaa mbali chini, akasimamisha kamyo. Wimbo ikaisha. Akageukia bamujomba:

«Batata, munisamehe. Mu shimo tunashukaka bila kitu, tunapandaka na muzigo. Kushuka na muzigo, mi sijui. Mutembee kwanza.»

Bamujomba balikasirika! Lakini balishuka, na makoti yabo ya sherehe, mifuko ku kichwa.

Mi nikabakia ndani.

«Na weye, shuka.»

«Mi si muzigo,» nikamujibu.

Akacheka, akaingiza vitesi ya kwanza, gia ya polepole. Tulishuka polepole mpaka chini, na mi nilikuwa na furaha kama mutoto.

Sasa niandikie. Uyu kijana wako wa mu barua, alisha kukuambia hata siku moja «sijui»?

Kambo wako