Sahani ya Dagaa Karibu na Kiota

Jumapili, Mkolani. Mvua imenyesha tangu alfajiri, imekatika saa nne, na sasa mawe ya nyuma ya nyumba yanafuka mvuke. Sikwenda misa. Nimebaki uani na bakuli la maji ya chumvi, kitambaa safi, na aibu yangu.

Leo naandika ukweli wote.

Wasomaji wa hapa mnamjua bata wangu, yule mweupe mwenye doa jeusi kichwani. Mama alinipa mwaka jana, magoti yake yalipokataa kuhangaika na mifugo. Wengine aliwagawa, wengine waliliwa. Huyu ndiye wa mwisho wa kizazi cha bata ambacho mama amekifuga kule Ukerewe tangu mimi sijaanza shule. Tulivuka naye kwenye kivuko, yeye ndani ya kikapu, kichwa nje, anawatazama abiria kama anakagua tiketi. Nikamwita Nansio, jina la mji wa kule kisiwani, kwa kuwa ndiko alikotoka.

Kila Jumapili mama akipiga simu, swali la kwanza ni bata. Mimi naulizwa baadaye, salio likibaki.

Nansio alikuwa anaatamia mayai kumi na mawili. Ni kazi ya siku thelathini na tano, na leo ni ya thelathini na tatu. Cherehani yangu iko dirishani, kwa hiyo nashona sare za shule huku namwona. Anashuka mara moja tu kwa siku. Kabla hajaondoka anavuta manyoya laini aliyojinyonyoa kifuani na kufunika mayai, kama mtu anayefunika unga usiingie vumbi. Anakula, anaoga kwenye karai, anarudi na unyevu kifuani, na mayai ya bata yanautaka unyevu huo. Hakuna aliyemfundisha. Mimi ushonaji ulinichukua miaka miwili na kola bado zinanishinda.

Banda nililijenga mwenyewe, na nilijivuna nalo. Wavu wa matundu madogo, umefukiwa chini ili mnyama asichimbe. Bati juu kwa ajili ya mwewe. Pumba kavu za mpunga, ambazo nazibadilisha kila zikilowa, maana bata anapenda maji ila kulala kwenye tope kunamuua. Majirani walikuja kuangalia, wakasifu sana. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Maji yangu mimi yalikuwa dagaa.

Nilimwona anakonda nikamhurumia. Huku kwetu dagaa ndiyo dawa ya kila kitu: mtoto hakui, dagaa, kuku hatagi, dagaa. Basi nikaanza kumwekea sahani pembeni kabisa ya kiota, ili ale bila kusimama. Hakugusa. Siku tatu mfululizo aliipita ile sahani, akaenda kuchota pumba za mahindi mwisho wa ua. Nilikasirika, nikamwona ana maringo. Siku ya tatu nikanunua dagaa wazuri zaidi, nikajaza.

Alhamisi nilikwenda stendi ya Buzuruga kupokea mzigo wa vitambaa. Mlango wa banda mchana huwa wazi ili yeye atoke. Kenge akashuka kutoka kwenye mawe, akafuata harufu, akamaliza dagaa, ndipo akaona kumbe pembeni kuna mayai.

Yaliyofuata nimesimuliwa na Mama Kulwa, jirani yangu, aliyesikia wavu unapigwa akaja mbio na mwiko wa ugali mkononi. Anasema Nansio alikuwa amesimama juu ya mayai, mabawa yamefunguka, anampiga kenge mrefu kuliko mkono wa mtu mzima. Bata wa aina hii hana hata sauti ya kuita msaada, anapuliza pumzi tu. Dume lake nililomnunulia huku, ambalo kila asubuhi linatamba uani kama mwenye nyumba, lilikuwa juu ya ukuta linatazama. Kenge alipomwona Mama Kulwa akakimbilia kwenye mawe. Mayai matano yalikuwa yamekwenda, na bawa la kushoto la Nansio lilikuwa linatoka damu. Ndege wengi wakivamiwa hivyo hususa kiota. Yeye alikaa palepale, juu ya saba yaliyobaki.

"Fundi," Mama Kulwa aliniambia niliporudi, "harufu ya hao dagaa mimi naisikia tangu juzi kule kwangu. Kenge angeikosaje? Ndege hali pale anapoatamia. Mwenzio alikuonyesha, wewe ukaongeza."

Alinionyesha siku tatu. Mimi nikaita maringo.

Leo mama amepiga saa saba. Nilikuwa nimejiandaa kusema bata hajambo, nipitishe wiki mpaka vifaranga vitoke. Nilipomwamkia na yeye akaitikia, ulimi ukanisaliti. Nikamwambia yote, mpaka dagaa wa siku ya tatu. Akauliza:

"Amerudi kukaa?"

"Hakuondoka, mama."

"Basi hayo saba yatatosha. Ondoa sahani, na usimguseguse." Kisha akauliza, "Na wewe je, umekula?"

Nililia, jamani. Tangu nimlete huyu bata, leo ndiyo mara ya kwanza kuulizwa hivyo mapema.

Sahani nimeihamishia mwisho wa ua, nikaijaza upya. Saa kumi Nansio alishuka, bawa linaburuza, akafunika mayai yake, akaenda akala dagaa wote mpaka chenga za mwisho. Kumbe muda wote huo alikuwa anawatamani.

Nilichuchumaa mlangoni mwa banda nilinde, mikono mgongoni. Ndipo nikasikia, chini ya yale manyoya, sauti nyembamba sana ndani ya yai. Halafu nyingine ikaijibu.

Nansio akarudi, akanikuta nimekaa njiani. Kwetu mkubwa anaamkiwa, na sikuona kwa nini yeye asiamkiwe. Nikasogea pembeni, nikasema shikamoo.

Akanipulizia kwa hasira, akapita. Nimeichukua kuwa marahaba.